KITANI, NGOZI AU TYUBU? Historia ya Kile Unachokishika Kwenye Fimbo ya Pool

Ukitoka Same ukaizunguka milima ya Upare kwa upande wa mashariki, unapita Kisiwani, unafika Maore, halafu gari inaanza kupanda kuelekea Bombo. Bombo hii ni ya Gonja, siyo ile hospitali ya Tanga, maana kuna watu wakisikia jina hilo tu wanauliza nani kalazwa. Chini huku ni nyika, jua kali na vumbi. Juu ni ukungu, migomba na tangawizi, na jioni bila sweta hukai nje.

Sasa chukua kijana wa Bombo mwenye fimbo yake mwenyewe ya pool. Kwenye meza ya nyumbani, kwenye baridi, mkono wake ni mkavu na fimbo inakwenda anavyotaka. Jumamosi anashuka Maore kucheza ya hela. Saa nane mchana, bati juu ya kichwa, watu wamejaa, kila mtu ana neno la kusema. Mkono unatoa jasho. Imebaki nyeusi peke yake mezani, rahisi kabisa, anavuta fimbo nyuma, inateleza kidogo tu kiganjani, basi. Nyeupe inakwenda shimoni, hela inakwenda kwa mwenzake, na yeye anaanza kuhesabu kama nauli ya kupanda mlima imebaki.

Hapo ndipo swali linapoanza: fimbo uizungushie nini pale mkono wa nyuma unaposhika? Wengi wanaona ni urembo. Siyo urembo. Mchezaji mzuri hakamati fimbo kama anayekamata mwizi. Anaiacha ikae vidoleni, legelege, kwa sababu ukiibana misuli ya mkono inakaza na fimbo inapinda njia. Lakini ukiilegeza na mkono umelowa, inateleza. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kitu kitakachoishika fimbo kwa niaba yako ili wewe usiibane. Fimbo za baa hazina kitu hicho, ni mti na vanishi mwanzo mwisho, na vanishi ikikutana na jasho inakuwa kama sabuni.

Watu wamekuwa wakilijibu swali hili kwa muda mrefu sana, na majibu yao yamepita karibu na Upare kuliko unavyodhani.

Tuanze na fimbo yenyewe. Mchezo huu wa mezani ulianza Ulaya kama mchezo wa uwanjani ulioingizwa ndani, na mfalme Louis XI wa Ufaransa alikuwa na meza yake karne ya 15. Hawakupiga kwa ncha kama leo. Walitumia kitu chenye kichwa kinene, wakausukuma mpira. Shida ilikuja mpira ukikaa ukutani: kile kichwa kinene hakifiki vizuri. Wakawa wanakigeuza na kupiga kwa mkia. Kifaransa mkia ni "queue", na ndiyo fimbo ikapata jina linalotumika duniani mpaka leo. Yaani unachokishika wewe ni mkia uliogeuka kuwa kichwa.

Mwanzoni mwa karne ya 19 afisa mmoja wa jeshi la Ufaransa, Mingaud, aliyekuwa amefungwa gerezani Paris, akajulikana kwa kuweka kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Mpira ukaanza kurudi nyuma, kujipinda, kufanya vituko. Mwaka 1826 Thurston wa London akaanza kutengeneza meza za kitako cha jiwe badala ya mbao. Miaka ya 1840 kuta zikaanza kuwekwa mpira uliopikwa na salfa usigande kwenye baridi. Mbele ya fimbo na meza yenyewe vikawa vimekamilika. Kilichobaki ni mkono wa nyuma.

Jibu lililoshinda kwa miaka mingi kwenye fimbo za gharama ni uzi wa kitani kutoka Ireland. Fundi anaikereza fimbo mfereji mwembamba wa kama sentimita 30, kina chake sawa na unene wa uzi, halafu anauzungusha uzi mzunguko kwa mzunguko bila kuacha nafasi. Baadaye anaupaka wanga na kuusugua mpaka ulale. Ukishika unahisi mikwaruzo midogo sana, na jasho linanywewa na uzi.

Kwa nini kitani? Kwa sababu uzi huo ulikuwa tayari upo kwa kazi nyingine: kuvua samaki. Kitani kina tabia ya ajabu, kikilowa kinazidi kuwa na nguvu. Wavuvi walikipenda kwa hilo. Mwaka 1935 kampuni ya DuPont ya Marekani ikagundua nailoni, na baada ya vita kuu ya pili nailoni ikakifukuza kitani kwenye mishipi ya samaki. Haiozi, haihitaji kuanikwa kila ukitoka ziwani. Kitani kikabaki hakina kazi kwa wavuvi, kikapata hifadhi kwenye vitako vya fimbo za pool. Uzi ulioshindwa majini ukaenda kuishi baa.

Na nani alikuwa anausokota? Karne ya 19 Belfast ulikuwa mji wa kitani hasa, na wengi waliokuwa viwandani walikuwa wanawake na watoto. Nyuzi laini zilisokotwa zikiwa zimelowa kwenye maji ya moto, kwa hiyo vyumba vilijaa mvuke na sakafu ilijaa maji, na wasichana walifanya kazi peku siku nzima. Kulikuwa na watoto waliogawa siku, nusu shule nusu kiwandani. Fimbo za zamani zina jina la fundi limechorwa kitakoni. Jina la msichana aliyesimama kwenye maji kusokota uzi halipo popote.

Sasa njoo nyumbani. Kiswahili kina kitani, halafu kina katani. Kitani ni ule uzi laini wa Ireland. Katani ndilo jina ambalo watu wengi, hasa Tanga, wanaliitia mkonge. Maneno yote mawili yanafanana na neno la Kiarabu "kattan", ambalo maana yake ni kitani. Yaani mkonge ulipofika huku, mmea wenye miiba wa kutoka Mexico, watu waliutazama uzi wake wakaupa jina la uzi wa kifahari. Jina walilipata sawa. Ulaini haukuja.

Mkonge uliletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitoka Florida kupitia Hamburg, na ilipofika pwani ya Tanganyika mwaka 1893 ilikuwa imebaki hai 62 tu. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kuna simulizi maarufu kwamba ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, iwe kweli isiwe kweli, ni stori tamu. Kutoka kwenye miche hiyo 62 nchi ikafunikwa. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima ya Upare upande wa magharibi, na mashamba yakaifuata. Ndani ya Same yenyewe mkonge uliota Makanya, na upande wa pili ukaota Ndungu, ambako ni jirani kabisa na njia ya kupandia Bombo. Miaka ya 1960 Tanganyika, baadaye Tanzania, ndiyo iliyokuwa inaongoza dunia, na mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000.

Waliofanya kazi hiyo waliitwa manamba. Neno hilo linatokana na namba, kwa sababu mtu alipoandikishwa alipewa namba, na namba ikawa ndiyo yeye. Wengi walitoka mbali, Kigoma, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Walipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku ambayo hukumaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa. Mkataji alitembea kwenye mistari ya mkonge na panga, akakata majani, akayafunga mafungu, akiangalia ile miiba ya ncha isimpate jichoni. Majani yakaenda kwenye korona, mashine ya kusagia, ambako sehemu kubwa ya jani ni maji na makapi yenye harufu kali. Katika kilo 100 za majani, nyuzi kavu hazizidi sana kilo 4. Hesabu mwenyewe mtu alibeba kilo ngapi ili ipatikane kamba moja.

Halafu ikaja plastiki. Ndugu zake nailoni, kamba za plastiki za bei rahisi, ndizo zilizochukua soko la mkonge, hasa kamba za kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani. Mashamba yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ya dunia ikaenda inavyotaka, usimamizi nao ukasuasua, na kufika miaka ya 90 uzalishaji haukufika hata robo ya ule wa 1964. Tofauti na kitani, mkonge haukupata fimbo ya pool ya kujificha.

Kwa nini usingewekwa kwenye fimbo? Hapa kuna watu watabisha, wajaribu tu. Uzi wa kitani unatoka kwenye ganda la shina la mmea, ni mwembamba na unakubali kusokotwa laini. Uzi wa mkonge unatoka kwenye jani, ni mnene, mkavu, una ncha zinazochomoza. Ukizungushia kwenye fimbo, mchezo wa kwanza unaona umepata mshiko wa hatari. Mchezo wa tano kiganja kinawasha. Mchezo wa kumi umepata malengelenge, na fimbo haitelezi hata pale unapotaka itembee kidogo vidoleni. Ni kamba nzuri ya ng'ombe. Ya mkono wa mchezaji hapana.

Ila mkonge uliingia baa kwa mlango mwingine. Ule ubao wa kurushia vishale, wa duara, wenye rangi nyekundu na kijani? Umetengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja, ncha zikiangalia nje. Ndiyo maana ukichomoa kishale tundu linajifunga lenyewe. Waingereza wamekuwa wakirusha vishale kwenye mkonge wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi wakiwa na bia mkononi.

Na kitani chenyewe kiliwahi kujaribiwa huku. Baada ya vita kuu ya kwanza bei yake ilipanda kupita kiasi, kwa sababu Urusi na Ubelgiji walikokuwa wanakilima kulikuwa kumevurugika. Walowezi Kenya, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani, wakakimbilia kupanda kitani kwenye nyanda za juu. Kufika 1921 bei ikawa imeporomoka vibaya, na wengi wakabaki na madeni. Kwa hiyo hakuna mtu mzima wa huku atakayekuambia babu yake alilima uzi wa fimbo za pool, ila ilikaribia.

Tuje kwenye mpira, maana huu ndio vijana wengi wanautumia. Tyubu ya baiskeli iliyochoka, unakata ukanda, unauvuta na kuuzungusha, unafunga. Watani wa Wapare watasema Mpare hawezi kununua ngozi wakati tyubu ya baiskeli ipo bure kwa fundi. Waache waseme, lakini kuna sababu nyingine: tyubu inashika. Kwenye jasho inashika, kwenye mvua inashika. Na mpira nao una historia yake huku. Kabla ya vita kuu ya kwanza Wajerumani walipanda mpira mkoani Tanga, ule wa jamii ya mhogo, wakitegemea utajiri. Mwaka 1913 bei ikaanguka kwa sababu ya mpira wa Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Miti ikabaki, na watu wakaanza kula majani yake. Ukila kisamvu cha mpira, unakula mabaki ya biashara ya Mjerumani iliyokufa. Ni kisamvu kitamu kuliko cha mhogo, na hilo halina mjadala.

Ubaya wa tyubu ni kwamba inashika kupita kiasi. Ukipiga pigo refu, mkono unatakiwa uachie kidogo, na mpira haukuachii. Pia inaacha weusi kiganjani, na ikikaa juani inakuwa ya kunata. Hizi shuka za mpira za kisasa zinazouzwa kwenye fimbo za dukani ni tyubu iliyosoma: zimetobolewa, hazichafui, lakini tabia ni ileile.

Ngozi ndiyo ya katikati. Hainywi jasho kama kitani, ila haitelezi kama vanishi, unaifuta kwa kitambaa kibichi na maisha yanaendelea. Ikitunzwa inadumu miaka mingi. Kasoro yake ni kwamba inataka fundi. Ngozi haizungushwi kama uzi, inakatwa kipande kimoja, inagundishwa, na mshono wake ukikaa vibaya kidole kinaugundua kila pigo. Same ni nchi ya ng'ombe na mbuzi, ngozi siyo shida. Shida ni ngozi nyembamba iliyolainishwa vizuri, kwa sababu ngozi ya kiatu ikiwekwa kwenye fimbo inakuwa kama umeshika soli.

Nailoni inazungushwa kama kitani na bei yake ni ya kitoto. Lakini hainywi maji. Jasho linabaki juu ya uzi, na kwa mtu wa Maore saa nane mchana hiyo ni vanishi nyingine tu yenye mistari.

Kuna jambo moja halihusu mkono wa nyuma lakini kuliacha ni dhambi. Kabla ya plastiki, mipira ya mezani ilichongwa kwa pembe za ndovu, na mabwana wa viwanda walizipenda za Afrika Mashariki kwa sababu ni laini na hazipasuki ovyo. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Pembe zilikwenda Zanzibar, na kutoka hapo Uingereza, India na Marekani. Moja ya njia zake ilikuwa ya Pangani, iliyopita kando ya milima hii ya Upare. Gonja na Kisiwani yalikuwa majina ya vituo vya misafara muda mrefu kabla hayajawa majina ya vituo vya basi. Pembe zilibebwa mabegani na wapagazi, wengine wa kulipwa, wengine watumwa, na nao hakuna aliyewaandika majina. Mwaka 1863 kampuni moja ya Marekani ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata mbadala wa pembe, ndipo John Wesley Hyatt akaja na seluloidi mwaka 1869. Haikuwa kwa huruma ya ndovu wala ya mpagazi. Pembe zilikuwa zimepanda bei.

Enzi za mkoloni mchezo huu ulikaa kwenye klabu za wazungu, na Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Meza ndogo za kutumbukiza sarafu, zilizokuja baada ya biashara kufunguliwa, ndizo zilizoutoa humo. Zina faida moja kubwa kwa vijiji vya milimani: hazihitaji umeme. Video inataka umeme, muziki unataka umeme. Pool inataka sakafu iliyonyooka na wanaume wa kubeba jiwe la meza kulipandisha mlimani. Ndiyo maana ilifika sehemu ambazo nguzo za umeme hazijafika.

Awamu ya tano ilipoingia, viongozi wa mikoa na wilaya mbalimbali walipiga marufuku kucheza saa za kazi, vijana waende shamba. Kwenye tangawizi unapanda, unapalilia, halafu unasubiri miezi mingi mzigo ukomae, na katikati ya hapo kuna mchana mwingi. Mtu wa ofisini akipita saa tano akamkuta kijana mezani hajui kwamba alianza shamba saa kumi na mbili. Wengine kweli hawakuanza popote, hilo nalo lisemwe.

Sasa yule kijana wetu. Akicheza Bombo peke yake, mti mtupu uliosuguliwa kwa msasa laini, vanishi yote itoke, unamtosha, na ni bure. Akishuka nyika, kitani ndicho jibu, na cha Ireland siyo lazima. Uzi wowote mwembamba wa pamba au kitani unaonyonya maji, uliosokotwa kwa kukaza, utamfaa kuliko nailoni na kuliko tyubu. Tyubu aiache kwa anayecheza kwa mapigo mafupi.

Kufunga ni hivi. Gundisha mwanzo wa uzi, zungusha kwa kuvuta sawasawa, kila mzunguko uguse mwenzake. Zikibaki duru kama kumi, laza kipande cha uzi kilichokunjwa kitanzi juu ya fimbo, kitanzi kikiangalia mbele unakokwenda, halafu endelea kuzungusha juu yake. Ukimaliza, pitisha ncha ya uzi kwenye kitanzi na vuta mikia ya kitanzi taratibu. Ncha itaingia chini ya duru zile kumi na kupotea. Kata kinachobaki. Paka uji mwepesi wa muhogo, acha ukauke, kisha sugua na chupa mpaka ulale. Kila baada ya wiki kadhaa futa kwa kitambaa kilicholoa kidogo, maana uzi unaonyonya jasho unanyonya na uchafu, na ukianza kung'aa ujue umejaa.

Wavuvi wa pwani wanafunga ncha za kamba zao kwa kitanzi hichohicho.